Zamu ya Mchana katika Nyambizi Redhorse

Barua ya makumbusho ilifika siku ya Jumatano, pamoja na jarida la kanisa na tangazo la mbegu za maboga. Verna Tollefson alikuwa anapiga pasi mapazia ya sebuleni, nyumbani kwake Nordby, jimbo la Iowa, na kwa kuwa pasi ilikuwa imeshapata moto aliiacha barua mezani mpaka pazia la mwisho lilipokwisha. Ndipo akavaa miwani akasoma.

"Mpendwa Bi. Tollefson," barua ilisema. "Katika chumba cha injini cha nyuma cha nyambizi yetu, Redhorse, yupo mtu anayejitambulisha kuwa Ervin Tollefson, fundi mitambo daraja la pili. Kanuni zetu haziruhusu mtu yeyote kubaki ndani ya nyambizi baada ya saa kumi na moja jioni. Tumemwomba mara kadhaa aondoke, naye amekataa kwa adabu. Aidha, maji yanayomtoka yana chumvi, na mkulima jirani analalamika kwamba mahindi yaliyo karibu na mfereji wetu yamekauka. Tunakuomba uje umchukue." Chini kulikuwa na saini ya mkurugenzi, Patrice Hummel, na ramani ndogo inayoonyesha mahali pa kuegesha magari.

Mwezi Machi 1963 Verna alikuwa amemzika Ervin nyuma ya kanisa la Kilutheri la Nordby, akiwa na mimba ya miezi mitano, na tangu hapo haukupita msimu wa joto hata mmoja bila yeye kupalilia lile kaburi. Hakuona kwamba kaburi na barua vinapingana. Alichowaza ni kwamba Ervin aliondoka nyumbani bila koti. Akapanda darini, akalitoa koti kwenye sanduku, akalitundika kwenye kamba litoke harufu ya dawa ya nondo.

Jioni alimpigia simu mwanawe Lyle, anayekaa Duluth. Lyle hatumii jina la Tollefson. Alipofikisha miaka kumi na minane alichukua jina la ukoo wa mama yake, kwa sababu shuleni kila mvua iliponyesha kulikuwa na mtu wa kumwuliza kama baba yake ndiye aliyesahau kufunga.

"Ukifika, mama, waambie waling'oe lile bango," Lyle alisema.

"Baba yako yuko kule, Lyle."

"Nimesikia. Waling'oe bango kwanza."

Lyle alikuwa amewahi kwenda kuitazama nyambizi ile mwaka 1995. Alifika mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akasoma bango lililopigiliwa pembeni, akageuka akarudi kwenye gari. Kama angeingiza kichwa tu angemwona baba yake, hatua tatu upande wa kushoto.

Jumamosi alfajiri Verna aliwasha gari lake, Buick, akashika njia ya kusini. Saa tano kasorobo alikuwa Cutler Bend, jimbo la Missouri. Nyambizi ililala kwenye handaki la saruji, kati ya mto na shamba la soya, mbali na bahari yoyote. Iliburutwa kupandisha mto kwa matishari mwaka 1989, wakati wakubwa wa mji walipotaka kitu cha kuwafanya watalii washuke kwenye magari yao. Watalii walishuka kweli, wakapiga picha, wakala hotidogi.

Kwenye dirisha la tiketi alikaa mzee mnene mwenye kofia iliyobandikwa nishani ya pomboo wawili, ile wanayopewa wanamaji wa nyambizi wakishafuzu.

"Karibu, mama, karibu! Umekuja kuona boti?"

"Nimekuja kwenye meli, ndiyo."

"Aa! Meli ni ya watu wanaoogopa kulowa. Hii ni boti. Ukisema meli mara ya pili nakupa ndoo na tambara upige deki."

"Nimekuja kumchukua mume wangu," Verna alisema. "Naitwa Verna Tollefson."

Mzee alikuwa ameshachana tiketi. Aliishika mkononi muda mrefu kuliko inavyohitajika kumpa mtu tiketi. Kwenye shati lake kulikuwa na kibao kilichoandikwa Wendell Raasch, na Verna alikisoma. Uso ule hakuwahi kuuona, lakini jina alilijua vizuri. Lilikuwa chini kabisa ya karatasi anayoitunza ndani ya Biblia yake, nakala ya kiapo cha mwaka 1963, ambamo Wendell Raasch aliiambia tume ya uchunguzi kwamba maji yalipokwisha kunyonywa yeye ndiye aliyeingia wa kwanza kwenye chumba, na kwamba aliikuta vali namba sita iko wazi.

"Shemeji," mzee alisema mwishowe.

"Usiniite shemeji," Verna alisema, akachukua tiketi yake.

Wendell alihamia Cutler Bend mwaka uleule boti ilipoletwa. Hakuwa na ndugu kule, wala kazi. Alikodi chumba juu ya kinyozi, akajitolea kutembeza wageni, na kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyechekesha watoto kumshinda. Aliwaonyesha vitanda vilivyopangwa juu ya makombora, jiko la mpishi na choo chenye maelekezo ya hatua kumi na mbili. Ila alitembeza nusu ya mbele tu. Nusu ya nyuma ilikuwa na milango ya duara ya kuinamia, na Wendell aliwaambia wote kwamba magoti yake hayamruhusu.

Patrice Hummel alikuja kumpokea mgeni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeshika kazi ya ukurugenzi mwezi Januari, na kama watu wengi wapya kazini alikuwa amehesabu kila kitu.

"Nisamehe, mama, kwa kukusumbua safari ndefu," alisema wakiwa wanainama kupita mlango wa kwanza. "Waliokuwapo kabla yangu walimwacha tu. Wageni walidhani ni sanamu ya nta. Watoto walikuwa wanamfinya."

"Yeye alisemaje?"

"Hasemi. Ni mpole mno. Wahudumu wanapiga deki asubuhi na alasiri, wanampelekea kahawa. Mimi ndiye niliyemwuliza kwa nini hatoki. Akaniambia hajapokelewa zamu."

Hilo halikumshangaza Verna, aliyekuwa ameishi miaka mitatu na mwanamaji. Kwenye boti mtu haachi zamu kwa sababu saa imegonga. Huiacha pale tu mwenzake aliyefuzu chumba kilekile anapokuja, akaelezwa hali ya kila kitu, akairudia hali hiyo kwa sauti neno kwa neno, kisha akasema ameipokea. Asiporudia, au akirudia vibaya, zamu haijahama.

"Nilimpelekea fundi bomba wetu aje ampokee," Patrice aliendelea. "Mumeo akamwambia, 'Ndugu yangu, hujui hata vali namba sita iko wapi.' Kisha nikaleta kijana mmoja mwigizaji, na sare nikamvalisha. Huyo mumeo alimcheka kabisa. Nikamwuliza basi aliyetakiwa kumpokea ni nani. Akanitajia jina la mzee Wendell. Nilipomwambia mzee Wendell, akanionyesha cheti cha daktari cha magoti."

Wakafika kwenye mlango wa mwisho. Bango lilikuwa la shaba, limepigwa msasa likang'aa. TAREHE 9 MACHI 1963 CHUMBA HIKI KILIJAA MAJI KWA UZEMBE WA MWANAMAJI ALIYEKUWA ZAMU, ALIYEACHA VALI NAMBA SITA WAZI. BOTI ILIOKOLEWA. MTU MMOJA ALIFARIKI. Verna alikuwa anayajua maneno yale kwa moyo, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kwenye barua aliyoletewa na ofisa mmoja mlangoni kwake. Alilisoma hata hivyo mpaka nukta ya mwisho. Kisha akainama akapita.

Ervin alikuwa amesimama kati ya injini mbili, mkono wa kulia juu ya usukani mdogo mwekundu wa vali namba sita. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Shati na suruali vilikuwa vimelowa mpaka kifuani, na maji yalimtiririka taratibu kuelekea kwenye karai ambalo mhudumu mwema alikuwa amelisogeza miguuni pake.

"Verna," alisema. "Umekata nywele."

"Mwaka sabini na moja."

"Zimekupendeza."

"Wacha utani, Ervin. Zimeota mvi zote."

"Naziona. Zimekupendeza."

Njiani Verna alikuwa amejiandaa kulia, na leso ilikuwa tayari kwenye mkono wa sweta. Machozi hayakuja. Aliketi juu ya sanduku la spana, na Patrice akajifanya anasoma kipimo cha mafuta ukutani.

"Mtoto?" Ervin aliuliza.

"Wa kiume. Lyle. Anakaribia miaka arobaini na mmoja na upara umeshaanza."

"Upara ni wa kwenu huo."

"Wa kwetu, eti! Baba yako alikuwa na nini kichwani?"

Ervin alicheka, na maji yakaongezeka kidogo kwenye karai. Verna akamvisha koti juu ya shati lililolowa, mkono wa kushoto tu, kwa sababu wa kulia hakuuondoa kwenye usukani. Akamwambia waende nyumbani. Ervin akajibu kwamba angependa sana, lakini hajapokelewa.

Kisha Verna akauliza lile jambo. Aliona aibu kuuliza. Miaka arobaini na mmoja alikuwa amewaambia watu wa Nordby kwamba Ervin si mtu wa kuacha kitu wazi, hata mlango wa kabati, na aliwaambia kwa sauti kubwa kwa sababu zilikuwapo siku ambazo yeye mwenyewe hakuamini.

"Ervin. Uliifunga?"

"Njoo ushike."

Aliweka mkono wake juu ya ule wa mumewe, wakajaribu kuuzungusha usukani pamoja. Ulikuwa umekazwa hadi mwisho, hauendi hata unywele mmoja.

"Ni kile kiungo cha bomba pale juu ndicho kilichopasuka," Ervin alisema. "Dakika nane baada ya saa sita. Nilipousikia mlio tu nikafunga, nikakaza. Nilipogeuka mlango ulikuwa umeshafungwa. Nilimwona Wendell kwenye kidirisha, ana kipande cha pai mkononi." Akafikiri. "Alifanya inavyotakiwa, Verna. Maji yakiingia mlango hufungwa. Ningekuwa yeye ningefunga."

Verna aliinuka, akarudi kwa kuinama mlango baada ya mlango mpaka kwenye dirisha la tiketi. Pale alimkuta Wendell anawauzia tiketi mume na mke kutoka Tulsa, lakini safari hii bila mzaha.

"Saa sita inakaribia," Verna alimwambia. "Twende ukampokee mwenzio."

"Mama, magoti yangu..."

"Magoti yako yamekufikisha Cutler Bend. Twende."

"Hujui ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Ofisa aliniita chumbani kwake akaniambia boti imetoka kwenye matengenezo juzi tu, kwamba kiungo hakiwezi kupasuka, kwa hiyo lazima vali ilikuwa wazi. Akaniuliza mara tatu niliionaje. Na mara ya kwanza, shemeji, nilimwambia kweli."

"Na ya tatu?"

Wendell alivua kofia akaitazama ndani. "Mara ya tatu aliniuliza saa sita kamili nilikuwa wapi."

Mtalii wa Tulsa alitaka kujua kama hii ni sehemu ya matembezi. Verna alimwambia ndiyo, na kwamba wanaweza kufuata. Basi wakaenda wote, Wendell mbele, anavuta pumzi kwenye kila mlango. Magoti yalimbeba vizuri tu. Kwenye mlango wa mwisho alisimama bila kulitazama bango, akavaa kofia yake sawasawa, akaingia.

Ervin alimtazama kutoka juu hadi chini. Hakumdhihaki kwa uzee wala kwa kitambi, ingawa nafasi ilikuwapo.

"Nipo tayari kupokea zamu yako," Wendell alisema.

"Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Injini namba mbili imezimwa," Ervin alisema. "Pampu ya maji machafu inafanya kazi. Kiungo cha bomba la juu kimepasuka, maji yanaingia. Vali namba sita imefungwa."

"Injini namba mbili imezimwa," Wendell alirudia. "Pampu ya maji machafu inafanya kazi. Kiungo cha bomba la juu kimepasuka, maji yanaingia. Vali namba sita iko wazi."

Labda ni mazoea. Mtu akisema neno moja kwa miaka arobaini na mmoja linatoka lenyewe. Sitamtetea, nasema tu ndivyo alivyosema.

"Siyo," Ervin alimwambia. "Rudia."

Mtalii alishusha kamera yake. Patrice alikuwa ametoa kalamu na anaandika kila neno kwenye daftari lake. Maji yalikuwa yameanza kupita pembeni mwa karai na kuzilowesha soli za viatu vya Wendell. Alimgeukia Verna.

"Nikisema hivyo," alisema, "maisha yangu yote yatakuwa ni nini?"

"Yako umeshayaishi," Verna alimjibu. "Sema."

"Vali namba sita imefungwa," Wendell alinong'ona.

"Sikusikia. Injini zinapiga kelele." Injini zile zilikuwa hazijawashwa tangu mwaka 1974.

"Vali namba sita imefungwa!" Sauti ilipita kwenye chuma mpaka mbele, ikasikika kwenye duka la zawadi.

"Sahihi."

"Zamu nimeipokea."

"Zamu umeipokea," Ervin alisema, na akauondoa mkono wake juu ya usukani. Vidole vilichukua muda kunyooka, na Verna alimsaidia kimoja kimoja. Wendell akaweka mkono wake mahali palipoachwa wazi. Punde maji yakaanza kumtoka kwenye ukosi wa shati na kushuka kifuani, wakati shati la Ervin likianza kukauka mabegani.

"Ile pai ilikuwa ya nini?" Ervin alimwuliza akiwa mlangoni.

"Cheri."

"Kipande cha kwanza?"

Wendell alifumba macho. "Cha pili."

"Yule mpishi alikuwa hodari kwa cheri," Ervin alisema. Akainama akatoka.

Upande wa pili wa mlango alijinyoosha, na hapo ndipo bango likawa mbele ya macho yake. Hakuwahi kuliona, kwa kuwa lilipigiliwa nje naye alikuwa ndani. Alilisoma kwa makini, midomo ikienda.

"Nani huyu mzembe?" aliuliza.

Verna alikuwa ameshasema mambo mengi magumu siku ile, lakini hili lilikuwa gumu kuliko yote. "Ni wewe, Ervin."

Alilisoma tena tangu mwanzo. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya herufi, kama mtu anayejaribu kuona kama rangi imekauka. "Lakini niliifunga," alisema.

"Najua. Nimeshika mwenyewe."

Patrice alisema kwamba kwa upande wake angeling'oa bango saa ileile, na bisibisi iko ofisini. Ila boti si mali ya mji, imeazimwa tu, na maneno yote ya mabango huletwa na ofisi ya kumbukumbu kule mji mkuu, inayofuata kiapo cha mwaka 1963. Kiapo hubadilishwa na aliyekiapa. Aliahidi kuwaandikia siku hiyohiyo yote aliyoyasikia, na aliandika kweli, kurasa nne, akaambatanisha picha aliyopiga mtalii.

Verna alikuwa ametandika mfuko wa nailoni kwenye kiti cha Buick. Haukuhitajika. Walipovuka mpaka wa Iowa Ervin alikuwa mkavu mpaka soksi, na alikuwa amelala.

Nordby walimpokea kama wanavyompokea mtu aliyekuwa safarini. Kanisani mchungaji alimtaja kati ya tangazo la kwaya na tangazo la kuuza keki. Wanawake walileta mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga, na walisema anahitaji kunenepa. Ervin alifyeka majani, akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa linadondoka tangu Krismasi, na Jumapili alisimama na Verna kwenye lile kaburi akamsifu kwa alivyolitunza. Verna alikuwa na furaha ya kipumbavu. Alikuwa anaamka mapema ili tu asikie mtu mwingine akikohoa ndani ya nyumba.

Lakini kwenye duka la vifaa, mara ya kwanza Ervin alipoingia kununua misumari, mwenye duka alimwambia, "Karibu, Ervin! Funga mlango, basi," na wanaume wanne waliokuwa wanakunywa kahawa karibu na kaunta walicheka, si sana. Ervin alirudi akaufunga mlango. Alinunua misumari yake, akawaaga kwa majina, na kwa wiki mbili hakwenda tena mjini.

Lyle alikuja kutoka Duluth mwezi Julai. Alikaa barazani na baba aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na saba, wakazungumza habari za uvuvi. Wakati wa kuondoka alimvuta mama yake kando.

"Wameling'oa?"

"Bado wanashughulikia."

"Siku watakayoling'oa narudisha jina lake. Nimeshachukua fomu, mama, iko kwenye gari. Nikijaza leo, kesho watanicheka tena, na sasa nina watoto."

Jibu la ofisi ya kumbukumbu lilifika katikati ya Septemba. Verna aliisoma barua amesimama kando ya jiko, wakati Ervin akiwa mezani ameshanawa mikono na anasubiri chakula.

Ofisi ilimshukuru Bi. Hummel kwa kurasa zake nne. Haikuwa na shaka juu ya yaliyosemwa katika chumba cha injini. Ilikuwa tayari kusahihisha kumbukumbu na kubadilisha bango mara tu Bw. Raasch atakapofika ofisini mwenyewe na kutia saini kiapo kipya. Kwa bahati mbaya, ofisi ilikuwa imearifiwa kwamba Bw. Raasch yuko zamu, na mtu aliye zamu haruhusiwi kuacha kituo chake wala kutoa ushahidi mpaka apokelewe na mwanamaji aliyefuzu chumba hicho. Ofisi ilikuwa imetafuta kwenye orodha zake. Waliofuzu chumba cha injini cha nyuma cha Redhorse na bado wanapatikana walikuwa wawili. Wa kwanza ni Bw. Raasch mwenyewe. Wa pili ni Bw. Ervin Tollefson, wa Nordby, Iowa. Endapo Bw. Tollefson atakuwa radhi kurejea kazini, ofisi itashughulikia jambo hili bila kuchelewa. Hadi hapo, bango litabaki kama lilivyo.

Verna aliisoma mara mbili.

"Wanasemaje?" Ervin aliuliza.

Alimjua mumewe. Angemaliza chakula chake, angeosha sahani na kuifuta, kisha angeomba funguo za gari. Asingelalamika. Angesema Wendell naye ni binadamu, anastahili kupokelewa, na kwamba chumba hakiwezi kukaa bila mtu. Angeshika ule usukani mwekundu na kumsubiri Wendell arudi kutoka kutia saini, na Wendell alikuwa na miaka sitini na sita na kila sababu ya kutorudi. Verna aliwaza pia juu ya fomu iliyo kwenye gari la Lyle, na juu ya wale wanaume wanne dukani. Aliyawaza yote hayo kikamilifu, hakuna alilolikwepa.

"Wanasema hapana," alisema.

Ervin alitikisa kichwa polepole. "Hata nikienda kuwaeleza mwenyewe?"

"Hata ukienda."

Akaikunja barua akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akampakulia maharage na nyama, akaketi mbele yake, akamtazama akila.